Baraza la Mengo na Vita Dhidi ya Malale

Maradhi ya kuambukiza yanapoivamia nchi, macho ya wananchi huelekea pande mbili: hospitali na baraza. Hospitalini hutazamiwa dawa. Barazani hutazamiwa uamuzi. Mjumbe wa baraza hawezi kumdunga mgonjwa sindano wala kupima damu, lakini neno lake huweza kufunga soko, kuhamisha kijiji au kutoa fedha za hazina. Kwa hiyo ni haki kuuliza mchango wa mjumbe katika wakati kama huo hupimwa kwa kipimo gani.

Swali hilo lilizuka upya nchini Uganda mwezi wa Aprili mwaka 2020, mara tu baada ya ugonjwa wa Korona kuingia nchini. Bunge mjini Kampala liliidhinisha bajeti ya nyongeza ya zaidi ya shilingi bilioni 300 za kupambana na maradhi hayo. Ndani yake zilikuwamo shilingi bilioni 10 zilizowahusu wabunge wenyewe, yaani shilingi milioni 20 kwa kila mmoja. Wananchi wengi, ambao wakati huo walikuwa wamefungiwa majumbani bila ya kazi, walinung'unika, na shauri likafikishwa Mahakama Kuu. Wabunge wengine walitetea fungu hilo kuwa ni la kazi ya kupambana na ugonjwa majimboni. Wengine walilipinga waziwazi.

Hata hivyo, mji huo wa Kampala una kisa cha zamani zaidi kinacholiangaza swali hilo, nacho kilitokea juu ya kilima cha Mengo, makao ya ufalme wa Buganda na ya baraza lake, Lukiiko.

Itakumbukwa kwamba kwa mujibu wa Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Buganda na Waingereza, Lukiiko lilikuwa na wajumbe 89: mawaziri watatu, machifu 20 wa majimbo, watu mashuhuri watatu kutoka kila jimbo, na wengine sita walioteuliwa na Kabaka. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo. Mamlaka yalishikwa kwa niaba yake na walezi watatu wa kiti: Apolo Kagwa, ambaye alikuwa Katikkiro, yaani Waziri Mkuu, Stanislaus Mugwanya, na Zakaria Kisingiri. Kagwa ndiye aliyekuwa sauti kubwa kuliko zote katika baraza hilo.

Mwaka 1901, madaktari ndugu wawili wa Hospitali ya Mengo, Albert Cook na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa waliokuwa wakisinzia mchana kutwa, wakikonda na kufa. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota. Huo ndio ugonjwa wa malale. Katika miaka michache tu, pwani za Ziwa Viktoria za Buganda na Busoga, pamoja na visiwa vyake, ziligeuka makaburi. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa. Mashamba ya migomba yalimezwa na magugu, na mitumbwi ikaoza ufukoni kwa kukosa wa kuipiga kasia.

Wakati huo hapana aliyejua kwa hakika ugonjwa ulitoka wapi. Mwaka 1903 David Bruce, mtaalamu aliyetumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza, alifika Entebbe. Alishuku kwamba malale huenezwa na mbung'o, ambaye Waganda humwita kivu. Lakini shuku ya mtaalamu si ushahidi. Ilihitajika kujulikana, mahali kwa mahali, nzi huyo yuko wapi na ugonjwa uko wapi. Na kazi hiyo wageni wachache wasingeiweza.

Hapo ndipo mchango wa Mengo ulipoonekana. Kwa msaada wa Kagwa, machifu walitakiwa wakusanye nzi waumao katika maeneo yao, na watoe habari kama ugonjwa upo au haupo. Nzi waliletwa kutoka kila upande, habari zikaandikwa katika ramani. Ilipotazamwa, ilidhihirika kwamba mahali penye malale pana mbung'o. Ramani hiyo ilikuwa hoja nzito katika kuthibitisha njia ya ugonjwa, na sehemu kubwa ya hoja hiyo ilijengwa na watu waliozoea kuketi barazani. Huo ni mchango wa kwanza wa mjumbe wakati wa maradhi: kuleta habari za kweli kutoka kwa watu wake, na kukataa kutoa hukumu kabla ya kujua.

Mchango wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mwaka 1906 mtawala mpya wa Kiingereza, Hesketh Bell, alileta mpango wa kuwaondoa watu wote waliokaa umbali wa maili mbili kutoka ziwani, ili mbung'o akose mtu wa kumwuma. Mpango huo uliwekwa mbele ya walezi wa Kabaka na machifu, nao wakaukubali. Machifu ndio waliosimamia uhamisho wenyewe, na ifikapo mwaka 1909 visiwa vya Sese navyo vilihamwa. Wagonjwa walikusanywa kambini na kutibiwa kwa atoksili, dawa yenye sumu ya zarniki, ambayo baadhi yao iliwapofusha macho.

Hapana shaka kwamba uhamisho uliokoa roho nyingi, na pia kwamba bila ya Lukiiko amri ya Entebbe ingebaki karatasi tu. Mkulima wa Buganda alimsikiliza chifu wake kabla ya kumsikiliza afisa wa Kiingereza. Lakini ni lazima upande wa pili nao utazamwe. Mvuvi wa Sese hakuwa na mjumbe aliyemchagua yeye mwenyewe. Waliokaa barazani walikuwa machifu na watu mashuhuri, ambao wengi wao walikuwa wamegawiwa ardhi kubwa kwa Mkataba ule ule wa mwaka 1900. Chifu aliyepoteza shamba la pwani aliweza kuwa na shamba jingine bara. Mvuvi aliyeacha ziwa aliacha riziki yake, makaburi ya wazee wake na ufundi wake wote. Miaka mingi ilipita kabla ya watu kuruhusiwa kurudi. Tena utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba wanyama wa porini nao hubeba vijidudu vya malale. Kwa hiyo mategemeo kwamba mbung'o wangesafika upesi baada ya watu kuondoka hayakutimia.

Kwa hiyo upo mchango wa tatu, ambao kisa cha Mengo kinauonyesha kwa upungufu wake: kumsemea asiyekuwamo ukumbini. Baraza linapoafiki amri kali, kazi yake ndiyo kwanza imeanza. Ni wajibu wake kuuliza aliyehamishwa atakula nini, atakaa wapi, amri itakoma lini, na nani atapima kama bado ina faida. Maswali hayo hayadhoofishi vita dhidi ya maradhi. Kinyume chake, hayo ndiyo humfanya mwananchi akubali kwa hiari jambo ambalo vinginevyo angelitii kwa hofu, na kulikimbia usiku.

Lukiiko lilipigwa na misukosuko mingi baada ya hapo. Falme zilifutwa nchini Uganda mwaka 1967 na kurudishwa mwaka 1993, na leo baraza hilo hukutana katika jengo la Bulange, hapo hapo Mengo. Chini ya kilima, wagonjwa bado hupanga foleni katika hospitali ya akina Cook.

Kati ya ramani ya mwaka 1903 na bajeti ya mwaka 2020 kuna zaidi ya karne moja, lakini kipimo ni kile kile. Mjumbe aulizwe amekuja na habari gani za kweli, amekubali kubeba sehemu gani ya mzigo anaowatwika wengine, na amemkumbuka nani ambaye hakuwa na kiti. Kagwa na wenzake walilijibu vema swali la kwanza. La pili na la tatu yangali yanamngojea kila mjumbe, katika kila baraza, siku maradhi mengine yatakapobisha hodi.