Aliyebebwa Mgongoni Naye Alikimbia Vita



Mara nyingi tumewasikia wazazi wa hapa Yeoville, hususan waliotoka Bukavu na Uvira, wakisema: "Huyu alikuwa mchanga tulipokimbia, hakumbuki kitu." Kisha mtoto hutimiza miaka kumi na minne, akawa halali usiku, hasira zake hazina sababu, na mlango ukigongwa kwa nguvu hutetemeka. Hapo huambiwa ni mkaidi, au amepandwa na jini.

Sisi hatukatazi kisomo. Lakini mtoto mchanga asiyekumbuka kwa maneno hukumbuka kwa mwili. Hofu inapomwandama siku nyingi, mwili humimina homoni iitwayo kotisoli, na ubongo ungali ukijengwa huzoea kungojea hatari. Njaa ya miaka ya mwanzo hupunguza kimo na huweza kuchelewesha kubaleghe. Ukatili nao, kwa mabinti, mara nyingi huenda pamoja na kuvunja ungo mapema: umbo la mwanamke, akili ya mtoto. Akina mama wengi husitiri jambo hili kwa haya, nalo ndilo lingefaa kuulizwa kwanza.

Wala si wageni peke yetu. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, jirani yetu, kiliandikisha watoto 3,273 waliozaliwa Soweto na Johannesburg katika majuma machache ya mwaka 1990, kikawafuatia hadi utu uzima. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionesha kuwa takriban mmoja tu katika mia hakupata kukutana na ukatili nyumbani, shuleni au mtaani. Wanetu, basi, wana mzigo wa kule na wa huku. Kaka zao walikuwa wadogo Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilipoanzia Alexandra na kuua watu zaidi ya sitini.

Si kila aliyeonja dhiki huharibikiwa. Kinga iliyo kubwa ni mtu mzima mmoja asiyegeuka: mama, ami, ustadhi wa madrasa. Kiboko humthibitishia kijana kwamba hatari haijakwisha (na tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya 2019, mzazi hana tena kisingizio mbele ya sheria).

Mama mmoja wa mtaani kwetu hatimaye alimsimulia mwanawe usiku walipovuka Ziwa Tanganyika. Kijana akauliza, "Nilikuwa nalia?"

"Ulilia mpaka Kigoma, mwanangu."

Akanyamaza kitambo, kisha akaomba asimuliwe tena tangu mwanzo.