Utangulizi: Pikapu Iliyochoka na Elimu ya Kuamua

Taaluma unayoingia haina idara chuo kikuu, lakini kila asubuhi ina mjadala wake kando ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala Rangi Tatu, na upande wa pili wa jiji la Dar es Salaam kuanzia Tegeta hadi Bunju. Pikapu imeinuliwa kwa jeki, boneti liko wazi, mwenye gari kasimama na simu mkononi, na fundi anamtajia gharama. Itengenezwe tena, au iuzwe inunuliwe nyingine? Wengi hulichukulia swali hili kuwa la makenika peke yake. Mimi naliona ni la uchumi, la historia na la uhusiano wa watu, na hoja yangu niiseme mapema ili upate cha kubishana nacho: bei ya spea tunaipa uzito usioistahili, na siku ambazo gari linalala gereji hatuzihesabu kabisa.

Tuanze na historia, maana ndiyo iliyotulea. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 fedha za kigeni ziliadimika nchini, na spea ikawa kitu cha kutafutwa kwa kujuana. Habari ya kununua gari jingine haikuwepo kwa mtu wa kawaida. Land Rover na Peugeot zilizokuwepo zilipaswa kutembea, kwa hiyo mafundi walichonga bushi, walichomelea, walivua kifaa cha gari moja wakakioanisha na jingine. Kuanzia 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa, na baadaye magari ya mitumba kutoka Japani yakamiminika. Soko lilibadilika haraka kuliko mazoea ya gereji. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha 2021, amewaonyesha mafundi wa Tanzania kuwa ni wabunifu wa teknolojia kwa haki yao wenyewe. Nakubaliana naye, ila nina shaka moja. Ustadi uliokomaa wakati wa uhaba humfanya fundi aone kila gari linatibika, na mwenye gari anabaki bila mtu wa kumwambia lini limefika mwisho.

Upande wa uchumi, mtu wa kufahamiana naye ni Harold Zurcher, aliyekuwa msimamizi wa matengenezo ya mabasi katika jiji la Madison, Wisconsin, huko Marekani. Mwaka 1987 mchumi John Rust alichapisha utafiti uliojengwa juu ya kumbukumbu za miaka kama 10 za mabasi hayo. Kila mwezi Zurcher alikuwa akiamua basi lipi liendelee na injini yake na lipi libadilishiwe. Rust alionyesha kwamba maamuzi hayo, ambayo Zurcher aliyafanya kwa uzoefu tu, yangeweza kuandikwa kwa hisabati: gharama ya kubadilisha injini upande mmoja, na upande wa pili matunzo yanayopanda kadiri maili zinavyoongezeka, pamoja na hasara ya basi kuzimika njiani na abiria kukosa imani nalo. Hasara hiyo ya mwisho haina risiti, ndiyo maana inasahaulika.

Ihamishie hisabati hiyo Temeke. Tuseme pikapu inaleta hesabu ya shilingi 50,000 kwa siku na klachi imekwisha. Spea na ufundi ni 350,000. Mwenye gari atailalamikia hiyo 350,000 wiki nzima. Wakati huo fundi amekwenda Gerezani hakupata saizi, kesho yake kaletewa feki ikarudishwa, kisha flaiwili ikasubiri zamu kwa mtu wa mashine ya kuchongea. Gari likilala siku 9, hesabu ambayo haikuja ni 450,000, zaidi ya klachi yenyewe. Na mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekuwa akiliita kila Jumamosi keshapata kirikuu ya mtu mwingine. Kirikuu inabeba mifuko michache ya saruji, lakini ukiipigia simu inakuja.

Hapa ndipo kanuni ya vitabuni, kwamba matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari basi uza, inapokwama. Ni kanuni ya mtu mwenye akiba au mkopo nafuu. Mwenye pikapu wa Mbagala anapata laki mbili tatu mara kwa mara; milioni kadhaa kwa mkupuo hazipati. Anapotengeneza kidogo kidogo ni kama analipia gari kwa awamu, bila benki na bila dhamana. Ukimhukumu kwamba hajui hesabu utakuwa umekosa kuielewa hesabu anayoifanya.

Lakini lazima ajue anachokilipia, na hapo tunarudi chini ya gari. Fundi makini hafungui daftari la bei kabla ya kukagua. Atawasha injini, atafungua kifuniko cha oili na kuweka kiganja juu: moshi ukisukuma kwa nguvu, ringi zimechoka. Ataangalia rejeta kama maji yanatoa mapovu, atanusa, atasikiliza. Kisha atalala juu ya boksi lililokunjuliwa, achukue nyundo ndogo, agonge chesi kuanzia mbele kurudi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inazama. Pikapu zilizobeba samaki kutoka soko la Feri huoza mapema nyuma, pale springi zinaposhikana na chesi, kwa sababu maji ya barafu na chumvi yanachuruzika hapo siku zote. Injini ya mtumba inapatikana, na kwa Hilux za zamani zenye injini za dizeli kama 3L au 5L, ambazo hazitegemei kompyuta, mafundi wanaoziweza wamejaa mitaani. Chesi ni habari nyingine. Ikishachomelewa mara ya tatu mahali pale pale, mimi nauza.

Anayenunua nyingine naye ana somo lake. Mjini tunapima umri wa gari kwa herufi ya namba: hii namba B, hii namba D, na bei inapanda papo hapo. Namba hiyo inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusu, ila linatozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri, juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo pikapu ya namba ya karibuni inaweza kuwa imetoka kiwandani kabla ya hiyo ya namba B uliyoichoka. Sheria nyingine iliyobadilisha hesabu ni ya 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na kuhamishiwa kwenye mafuta. Tangu hapo pikapu iliyopaki uani mwaka mzima haimdai mwenyewe ada hiyo, na kishawishi cha kuiacha “hadi nipate hela ya injini” kimeongezeka. Inaoza taratibu, kuku wanatagia ndani.

Kuna jambo lisiloonekana kwenye injini wala kwenye sheria: nani anajua nini. Dereva wa hesabu anausikia mlio wa giaboksi wiki tatu kabla ya tajiri yake, ila siku gari likiingia gereji yeye hali, kwa hiyo ananyamaza. Fundi anajua spea ilinunuliwa kwa shilingi ngapi, na cha juu chake kimo humo. Mwenye gari, anayelipa, ndiye anayejua kidogo kuliko wote. George Akerlof aliandika mwaka 1970 jinsi soko la magari ya mkononi linavyoharibiwa na muuzaji kujua kasoro asizozijua mnunuzi. Kwetu pengo hilo linaanza mapema, gari likiwa bado mikononi mwa mwenyewe.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha utafiti katika kitabu hiki ni daftari la shilingi chache linalokaa kwenye dashibodi. Ndani yake dereva aandike siku gari lilipolala, kwa nini, na mteja gani alikosa huduma, na dereva huyo alipwe posho hata siku za gereji, la sivyo ataandika uongo. Miezi 6 ya kumbukumbu hizo ni mwanzo wa kutosha. Sura zinazofuata zitashughulikia injini, bodi, madereva na soko la mkononi kwa mpangilio huo. Sura ya mwisho inakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambao mzani wao hauulizi herufi ya namba, na ambao bei yao kwa kilo ndiyo bei ya chini kabisa ambayo pikapu yoyote ya Dar es Salaam inaweza kufikia.