Chunga Kalamu Yako: Neno "Inept" Si la Kila Kosa

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Laiti wangaliishi katika zama hizi za ripoti na barua za kazi, wangaliongeza kwamba kujikwaa kalamu ni kubaya zaidi. Neno lililosemwa huweza kusahauliwa, bali lililoandikwa hutiwa katika jalada likamngojea mtu miaka mingi.

Ukifika Mahoko, katika sekta ya Kanama, kando ya barabara kuu itokayo Musanze kwenda Gisenyi, utasikia lugha nyingi zikipishana sokoni. Kinyarwanda ndicho mwenyeji. Kiswahili ni cha biashara na jirani zetu wa Goma. Kifaransa ni cha wale waliosoma zamani. Na Kiingereza ni cha vijana. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni, na mwaka 2017 sheria ikakipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi. Kwa hiyo wako watumishi wengi wa makamo waliosoma kwa Kifaransa, nao leo hawana budi kuandika Kiingereza kazini.

Hebu tutoe mfano. Lori la viazi limeacha njia wakati wa mvua. Dereva wake ameendesha magari miaka kumi na mitano bila ajali, lakini siku hiyo aliondoka bila kukagua breki, ingawa alionywa. Askari kijana anaandika kwa Kiingereza kwamba dereva ni "inept", kisha anampelekea sajini wake.

"Afande, ripoti tayari."

"Kijana wangu," sajini anauliza, "mtu huyu hajui kuendesha?"

"Anajua sana, Afande. Hakujali tu."

"Basi umeandika kesi ya mtu mwingine."

Sajini amesema kweli. Asili ya "inept" ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kitu kisichofaa. Kifaransa nacho kina "inepte", na hapo ndipo penye mtego. Kwa Mfaransa, neno hilo ni la upuuzi. Usemi usio na maana huitwa hivyo. Kwa Mwingereza, "inept" ni mtu asiye na ustadi wa jambo, au kazi iliyofanywa bila ustadi. Vivyo hivyo "maladroit": Mfaransa humwambia hata mtoto aliyemwaga maziwa, lakini katika Kiingereza ni neno la vitabuni, na aghalabu humhusu mtu asiyejua kuyaendesha mambo kwa busara mbele za watu.

Basi kabla ya kuandika, jiulize maswali matatu. Je, ni mkono uliokosa wepesi? Mtu aliyeangusha sahani au kujikwaa ngazini ni "clumsy". Je, ni ujuzi uliopungua? Huyo ndiye "inept". Je, ni kujali kulikokosekana, ilhali ujuzi upo? Huyo ni mzembe, yaani "negligent".

Tofauti hii si ya mapambo ya lugha. Asiye na wepesi huvumiliwa. Asiye na ujuzi hufundishwa au hupewa kazi nyingine. Mzembe huulizwa kwa nini, na pengine huadhibiwa. Anayechanganya maneno haya huweza kumpeleka mafunzoni mtu aliyestahili adhabu, au kumwadhibu mtu aliyestahili mafunzo. Yule dereva angenyimwa kazi kwa sababu isiyo yake, na kosa lake la kweli lisingeandikwa popote.

Zingatia pia kwamba kosa moja halimfanyi mtu kuwa "inept". Neno hilo hupima uwezo, na uwezo haupimwi kwa siku moja. Kama uliloliona ni tendo moja, andika tendo lenyewe: saa ngapi, wapi, alifanya nini, aliacha nini. Hapo msomaji wa ripoti ataamua mwenyewe.

Katika sarufi, Waingereza hufuatisha "at" baada ya neno hili wanapotaja kazi: "inept at drawing", yaani asiyejua kuchora. Jina lake ni "ineptitude". Wala usilichanganye na "inapt", ambalo ni la kitu kisicholingana na mahali pake, kama mzaha matangani.

Nasi nyumbani tusijidhani tumesalimika. Baba au mama anapomwandikia mwalimu habari za mtoto, asiseme kwamba mtoto ni "inept at arithmetic", kwani barua hiyo huenda mtoto akaisoma na akaamini kwamba hesabu si fungu lake. Aandike kwamba mtoto bado hajazimudu hesabu za kugawanya. Neno "bado" huuacha mlango wazi, na mwalimu hujua pa kuanzia.

Askari hufundishwa kuitazama shabaha yake kabla ya kufyatua, kwa maana risasi ikishatoka hairudi. Kalamu nayo ina shabaha yake, na mbele yake yupo mtu mwenye jina, kazi na watoto. Mtazame kwanza, ndipo uandike.