Konda, shusha! Dar bila kusindikizwa

Wengi wetu tuliokulia London tunaijua Dar es Salaam kupitia dirisha la gari la mjomba. Unapokelewa uwanja wa ndege, unapelekwa, unarudishwa. Wiki tatu zinaisha hujaenda popote peke yako. Mimi nasema safari hii panda daladala. Nauli ni nafuu, ndiyo, lakini cha maana ni kwamba anayeweza kufika kwa bibi yake bila kusindikizwa si mgeni tena, hata kama lafudhi imepinda kidogo.

London haijatuzoesha hili. Mabasi yake yaliacha kupokea pesa taslimu mwaka 2014: unagusa kadi, unakaa, unashuka, hujafungua mdomo. Dar, mdomo ndio kadi.

Daladala. Soma kibao cha mbele, halafu muulize konda: “Hii inapita Buguruni?” Akianza kutikisa sarafu mkononi, anadai nauli. Shika hela ndogo ndogo. Ukitoa noti ya elfu kumi asubuhi mtanuniana. Ukikaribia kituo, paza sauti: “Konda, shusha hapo!” Ukinong’ona utashukia kituo cha mbele. Na ukikaa karibu na mtu mzima, shikamoo kwanza. Mara nyingi huyo huyo ndiye atakayekuonyesha pa kushukia.

Mwendokasi. Tangu 2016 mabasi haya yana njia yao katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Foleni mnaiacha pembeni, ila asubuhi na jioni jiandae kubanana. Ukifika Kivukoni, pantoni ya Kigamboni iko jirani.

Boda na bajaji. Elewaneni bei kabla hujapanda. “Mpaka Sinza shilingi ngapi?” Akitaja, mjibu: “Punguza basi, kaka.” Kwenye boda dai helmeti. Hana? Tafuta mwingine, hata kama una haraka.

Gari la kuita kwa simu. Bolt inafaa sana usiku, au ukiwa na mabegi. Ila usidhani programu itakuondolea Kiswahili. Dereva atapiga: “Uko sehemu gani hapo?” Wewe unaona nukta kwenye ramani, yeye anataka duka la dawa, msikiti, geti jeusi, mwembe. Yaani lazima ujue kuelekeza: nyoosha, kata kushoto, ukivuka daraja mkono wa kulia.

Hilo unaweza kuanza kulifanyia mazoezi leo, kabla hata ya kukata tiketi ya ndege. Mpigie bibi, mwombe akuelekeze kwake kuanzia kituoni, halafu mrudie hatua kwa hatua mpaka aseme, “Haya, umefika.” Mjomba hatakuwepo na gari kila siku. Na siku bibi akiumwa ghafla, mjomba yuko Dodoma, utataka njia hiyo uwe nayo kichwani, kwa maneno ambayo konda anayaelewa.