Benki Ikifungwa Ghafla: Somo la Aprili Mbili kwa Wafanyabiashara wa Eastleigh

Ukiwa na duka Eastleigh, pesa yako haikai. Asubuhi umeuza madira pale Garissa Lodge, jioni pesa imeshaenda kulipia mzigo wa Dubai ama Guangzhou. Sasa fikiria njia hiyo ikizibwa wiki tatu. Kodi inadaiwa, hundi uliyoandika inarudi, na mzigo umekwama.

Mtaa huu ulipitia hali kama hiyo mara mbili, Aprili mbili zikifuatana.

Aprili 2015: hawala

Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa, zikiwemo hawala ambazo wengi wa Eastleigh huzitegemea. Ziliruhusiwa tena mwezi wa Juni. Kwa muda huo wote, aliyezoea kumtumia mama pesa Mogadishu ilibidi atafute njia nyingine.

Aprili 2016: benki

Dubai Bank ilikuwa imefungwa Agosti 2015, Imperial Bank ikafuata Oktoba. Watu tayari walikuwa na wasiwasi. Kisha Chase Bank, iliyokuwa na kitengo cha Kiislamu cha Chase Iman, ikarekebisha hesabu zake, kumbe mikopo ya watu wa ndani ilikuwa mikubwa kuliko ilivyotangazwa mwanzo. Tarehe 6, mwenyekiti na mkurugenzi mkuu wakajiuzulu. Fununu zikaenea mitandaoni, wateja wakakimbilia kutoa pesa, na Alhamisi tarehe 7 Benki Kuu ikaiweka Chase chini ya mrasimu.

Ili moto usisambae, Gavana Patrick Njoroge alitangaza kwamba Benki Kuu itaikopesha benki yoyote iliyobanwa bila kosa lake. KCB ikapewa kazi ya kusimamia Chase, matawi yakafunguliwa tarehe 27 Aprili, na kila mwenye akaunti akaruhusiwa kutoa hadi shilingi milioni 1.

Kwa hivyo mwenye milioni 1 alingoja siku 20. Mwenye milioni 5 je? Zile nne zilizobaki zilizuiliwa. Agosti 2018, SBM ya Mauritius ilipoichukua benki hiyo, robo tatu ya amana zilizozuiliwa ndizo zilihamia huko, zikitolewa kwa awamu. Robo ikabaki nyuma.

Wewe ufanye nini?

*Jua kiwango cha bima.* Wakati ule, shirika la bima ya amana, KDIC, lilikinga shilingi 100,000 tu kwa kila mteja katika kila benki. Tangu Julai 2020 ni 500,000. Ikizidi hapo, igawanye benki mbili tatu.

*Weka mlango wa pili tayari.* Kama mauzo ya Till yako huingia moja kwa moja benki, fungua akaunti nyingine kwa benki tofauti leo, si siku ya shida.

*Endelea kulipa mkopo.* Benki ikiwa chini ya mrasimu, deni lako bado ni deni. Lipa na uweke risiti.

*Usisambaze fununu.* Tafuta kwanza taarifa ya Benki Kuu yenyewe. Na mtu akikupigia eti atakusaidia kutoa pesa iliyokwama ukimpa PIN, huyo ni mwizi, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Na salio la simu?

Kanuni za mwaka 2014 zinataka pesa za wateja zikae kwa akaunti ya amana, mbali na pesa za kampuni. Sisi hatuwezi kuzikopesha wala kulipia mishahara yetu. Lakini akaunti hiyo ya amana nayo iko benki. Simu ni ya kuzungusha biashara. Usiifanye ghala la pesa ya mzigo wa miezi mingi.

Leo jioni ukifunga hesabu, jiulize swali moja: mlango mmoja ukifungwa kesho asubuhi, stoku ya wiki ijayo utailipa na nini? Kama jibu ni "sijui", anza na ile akaunti ya pili. Kisha pitia kwa duka letu lililo karibu nawe na kitambulisho chako, tuiunganishe na Till.