Chumba cha tezini: dola zinazidi, unanunua nini?

Na Mwandishi Wetu, Gongo la Mboto

WIKI hii ukurasa huu unaziweka kando bei za mchele, maharage na saruji ili kulijibu swali lililoletwa na msomaji wetu mmoja, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Gongo la Mboto. Mzee huyu ameuza kiwanja alichokinunua Chanika miaka mingi iliyopita. Sehemu kubwa ya fedha imerudi dukani. Iliyobaki, yeye na mkewe anayeuza vitenge wameamua kuitumia kwa jambo ambalo majirani wanalicheka waziwazi: kupanda meli ya kitalii kutoka Cape Town hadi Port Louis, Mauritius, wakipitia bandari za pwani yetu.

Safari wamekwisha kuichagua. Kilichowakwamisha ni chumba. Wakala wa mjini anawashauri wachukue chumba cha nyuma kabisa ya meli, tezini, chenye roshani inayotazama kule meli inakotoka. Bei yake inazidi ya chumba cha roshani cha ubavuni kwa dola 400 kwa kila mtu, yaani dola 800 kwa wawili. Mzee kapiga hesabu kwa kipimo anachokijua: ni zaidi ya mifuko mia moja ya saruji. Kianzio kikishalipwa hakirudishwi, na wakala amewapa hadi Jumatatu.

Wapo watakaosema meli za namna hiyo si habari za watu wa Gongo la Mboto. Hao wakumbushwe kidogo. Mwezi Januari 2024 meli ya kitalii Norwegian Dawn ilifunga gati Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Ilijengwa na kiwanda cha Meyer Werft cha Papenburg, Ujerumani, na kukabidhiwa mwaka 2002. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichojenga, mwaka 1913, meli Graf von Goetzen ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikateremshwa Dar es Salaam na kupandishwa treni kwenda Kigoma. Reli yenyewe ni ile ile ya kati inayokatiza Gongo la Mboto kuelekea Pugu. Liemba ilishushwa majini mwaka 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kwa hiyo mtaa huu ulikwisha pitiwa na meli ya Papenburg kabla babu zetu wengi hawajahamia mjini.

Liemba ina urefu wa mita 71 hivi. Norwegian Dawn ina mita 294. Hapo ndipo biashara ya vyumba inapoanzia. Katika meli ndogo abiria anauliza kama kuna nafasi. Katika meli ya mita 294 mahali utakapolala ni bidhaa inayojitegemea, yenye bei yake na wanunuzi wake.

Bei ya tezini inapanda kwa sababu ambayo mfanyabiashara yeyote wa Ilala au Buguruni ataielewa mara moja: mali ni chache. Meli hiyo ina mbavu mbili za karibu mita 300 kila mmoja, lakini upana wake ni mita 32 tu. Kwenye kila sitaha unaweza kupanga vyumba vingi sana ubavuni, ila nyuma vinaingia vichache mno, na vile vya pembeni ambavyo roshani yake inakunja kona huwa viwili tu. Wazungu wazoefu wa safari hizi huviwahi mapema, wengine mwaka mzima kabla. Hivyo wakala anaposema vinakwisha haraka hasemi uongo. Ila msomaji asisahau kwamba kamisheni ya wakala kwa kawaida hukokotolewa kwa kiasi ulicholipa, kwa hiyo chumba ghali kinamfaa na yeye.

Anayenunua anapata nini? Kwanza, mandhari. Ubavuni unaona nusu ya bahari. Tezini unaiona njia nyeupe ya povu ikinyooka hadi upeo wa macho, na ukitoka bandarini unautazama mji ukizama taratibu. Pili, roshani za nyuma katika meli nyingi zina kina zaidi kuliko za ubavuni, kiasi kwamba viti viwili na meza vinakaa bila kugongana magoti. Tatu ni upepo, na hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu vitabu vya matangazo vinasema nusu ya habari tu.

Matangazo yanasema tezini hakuna upepo mkali. Ni kweli, maadamu meli inakwenda kuukabili upepo. Chukua meli inayokuja Dar es Salaam kutoka kusini mwezi Januari, wakati wa kaskazi. Ikiwa inakwenda mwendo wa noti 18 na kaskazi inavuma noti 15 usoni, abiria aliyesimama omo anapigwa na upepo wa noti 33. Yule wa tezini amejificha nyuma ya jengo zima la meli, anakunywa chai yake na gazeti halipeperuki. Sasa meli hiyo hiyo iondoke Zanzibar kushuka kuelekea Madagascar. Kaskazi inakuwa mgongoni. Toa 15 katika 18, zinabaki noti tatu. Hewa inasimama, joto linapanda, na moshi wa dohani badala ya kuchukuliwa unaning'inia juu ya meli na kushuka taratibu nyuma. Masizi yakiangukia kanzu nyeupe hayatoki kirahisi. Manahodha wa majahazi wanayajua haya tangu zamani, maana wao kazi yao yote hufanyika tezini, kwenye usukani.

Kwa hiyo swali la kumwuliza wakala si kama tezini kuna upepo. Ni kwamba meli inaelekea wapi, mwezi gani.

Kuna imani nyingine ambayo ukurasa huu ungependa kuirekebisha, kwa kuwa imeenea sana kwetu. Wanaovuka kwenda Zanzibar kwa boti za mwendo kasi wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, wanajua kwamba aliyekaa mbele hutapika kwanza. Mkongwe wa njia hiyo huingia mapema akatafuta kiti cha chini, nyuma. Ni busara nzuri, kwa boti ile. Boti ya kasi hupiga mawimbi kwa omo, mbele inaruka na kutua kwa kishindo huku nyuma ikibaki imeshikwa na maji. Meli kubwa ya kitalii haiendi hivyo. Yenyewe huinama na kuinuka kama bembea ya ubao wanayochezea watoto: mwenye kukaa katikati anatikisika kidogo, wenye kukaa ncha zote mbili wanapanda na kushuka. Tezi ni ncha. Afadhali kuliko omo, lakini ni ncha. Mwenye kulevywa na bahari chumba chake ni cha katikati ya meli, sitaha za chini, hata kama hakina sifa ya kupigia picha.

Na bahari inayozungumzwa hapa si mkondo wa Zanzibar. Msimu wa meli hizi katika pwani yetu unaangukia miezi ile ile ya vimbunga katika Bahari ya Hindi ya kusini magharibi, kati ya Novemba na Aprili. Tarehe 15 Januari 2024 kimbunga Belal kiliipiga Mauritius na Réunion. Meli hukwepa kimbunga chenyewe, ila mawimbi yake marefu husafiri mbali.

Kasoro ya tezini ambayo wengi huigundua usiku wa kwanza ni mtetemo. Rafadha ziko chini yako. Wengi waliowahi kulala melini, iwe Ziwa Victoria au Tanganyika, watakumbuka kitanda kinachonguruma usiku kucha. Meli za kisasa zimepunguza tatizo hilo. Norwegian Dawn, kwa mfano, haina mihimili mirefu ya zamani; rafadha zake zimefungwa kwenye mitambo ya umeme inayoning'inia chini ya tezi na kugeuka upande wowote. Mtetemo unapungua, haumaliziki. Unasikika zaidi alfajiri meli inapojipanga kuingia gatini, saa ambayo aliyelipia utulivu angependa kuwa usingizini.

Aidha, meli nyingi huweka mgahawa wa wazi au baa kwenye sitaha ya juu nyuma, na ukumbi mkubwa wa chakula chini nyuma. Chumba kilicho moja kwa moja chini ya mgahawa huamshwa na viti vinavyoburuzwa. Omba ramani ya sitaha, utafute chumba chenye vyumba vingine juu yake na chini yake. Katika meli nyingine roshani za nyuma zimepangwa kama ngazi, ya chini ikijitokeza nje kuliko ya juu. Hiyo inapata jua zuri, lakini jirani wa juu anakuona hadi unachokula. Na mwenye magoti mabovu ahesabu mwendo: kutoka tezini hadi ukumbi wa maonyesho, ambao mara nyingi uko mbele, ni zaidi ya mita 200, kwenda tu.

Sasa jambo ambalo wakala hakulitaja, na ambalo mwandishi wa habari hii analiona ndilo kubwa kuliko yote. Ule mgahawa wa nyuma ni wa abiria wote. Aliyelipa chumba cha ndani kisicho na dirisha anaruhusiwa kukaa pale na kikombe cha kahawa, akaliangalia povu lile lile hadi jua lizame. Mandhari ya tezi hayauzwi. Kinachouzwa kwa zile dola 400 ni faragha: kuyatazama ukiwa na kanga yako, bila kelele za watu, bila kugombea kiti. Kwa mtu mwenye nafasi faragha ni kitu halali kabisa cha kununua, na wapo watakaosema ndiyo maana walitoka nyumbani. Ila ujue kwamba ndicho unachokilipia.

Wenye akiba ndogo waangalie pia gharama zinazofuata nyuma ya bei ya chumba. Bei hutangazwa kwa kila mtu, kwa hesabu ya wawili chumbani. Anayesafiri peke yake mara nyingi hulipa karibu bei ya wawili. Kuna ada za bandari, bakshishi inayokatwa kila siku kwa kila kichwa, vinywaji, na ndege ya kwenda kuanzia safari na ya kurudia. Kuna viza: Réunion ni ardhi ya Ufaransa, na Mtanzania aliyepanga safari inayotia nanga huko akasahau jambo hilo anaweza kukataliwa kupanda meli tangu mwanzo. Bima ya matibabu ni ya lazima kwa akili ya kawaida, maana daktari wa melini hulipwa kwa dola. Hali kadhalika kuna njia ya kununua kwa bei ya chini, ambapo unachagua daraja la chumba na kampuni yenyewe inachagua namba siku za mwisho. Unaweza kuangukia tezini bila kuongeza senti, na unaweza kuangukia chini ya jiko. Mwenye mashaka na tumbo lake asicheze bahati nasibu hiyo.

Tulirudi dukani kwa mzee Jumamosi mchana na karatasi ya ramani ya sitaha. Ilibainika kwamba mkewe alivuka kwenda Zanzibar mwezi Julai mwaka fulani kwa ajili ya harusi, na akafika amebebwa. Mzee mwenyewe ana goti linalouma akipanda ngazi ya ghala. Hata hivyo moyo wake ulikuwa tezini. "Mwanangu," alisema, "nimeuza misumari miaka thelathini nikiangalia ukuta. Nataka niangalie bahari."

Mama, aliyekuwa akikunja vitenge kwenye benchi, hakuinua kichwa. "Baba, bahari tutaiangalia. Tutakwenda kule nyuma kunywa chai asubuhi na jioni, kisha tunarudi katikati kulala. Nikitapika nani atakuangalilia hiyo roshani?"

Mzee alicheka, akaikunja ramani. Jumatatu asubuhi walilipa kianzio cha chumba cha roshani ubavuni, katikati ya meli, sitaha ya nane, chenye vyumba juu na chini. Wakala alijaribu mara moja zaidi, akiwapunguzia dola 100 ya kile cha tezini. Mzee alimwambia ampe punguzo hilo kwenye kile alichochagua. Hadi tunakwenda mitamboni wakala alikuwa hajajibu.