Kuhamisha picha ya karatasi juu ya ubao wa rangi, na kosa langu la Kabare



Leo sitaongea juu ya kutafuta kazi, hiyo tunaiongeleaka kila siku. Nataka kueleza kazi ya mikono ambayo hakuna profesa aliyenifundisha, lakini njo imenisaidia kuliko kurasa mingi za TFC yangu.

Kisha lisansi ya agronomia nilianza kufuata kikundi kimoja cha wamama wakulima kule Kabare. Shida yao ilikuwa mnyauko wa bakteria wa migomba, ule tunaitaka wilti. Ugonjwa huu ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukashuka mpaka huku Kivu ya Kusini. Majani yanakuwa manjano na kulegea, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukipasua ndani unakuta rangi ya kutu. Dawa ya kupuliza hakuna. Unakata mgomba mgonjwa, unasafisha panga kwa moto ao kwa javeli, na unatoa ua la dume kwa kijiti chenye panda, bila kutumia kisu.

Wamama wengi hawasomi. Nilitaka vibao vya kusimika kando ya shamba, vyenye picha. Karatasi, mvua ya kwetu inaimaliza siku moja. Banderoli ya mjini ni bei. Ubao na rangi vilikuwapo. Ilibaki kujua namna picha inaweza kutoka kwenye karatasi na kukamata juu ya ubao.

Siri iko kwenye mashine. Mashine ya leza haitumie wino wa maji. Inatumia poda yenye plastiki ndani, inayeyushwa na joto na kukamata juu ya karatasi. Plastiki haiogope maji, karatasi inaogopa. Kwa hiyo ukibandika picha na kole, kisha ukalowesha karatasi, karatasi inatoka na poda inabaki ndani ya kole. Printa ya wino wa maji ni kinyume: ukilowesha, wino wote unakimbia. Vibao vyangu viwili vya kwanza viliharibika hivyo. Kwa hiyo kwenye sekretariati uliza mbele: hii ni leza?

Namna ya kufanya:

1. Piga ubao msasa, futa vumbi, paka rangi nyeupe ya maji mara mbili. Lazima iwe nyeupe, sababu mashine haichapake rangi nyeupe: fasi nyeupe ya picha ni fasi tupu, itaonyesha rangi ya ubao. Kama ubao una rangi ya mafuta ya zamani, ikwaruze vizuri na msasa, bila hivyo kole haitakamata. Acha ikauke siku nzima.

2. Chapa picha kwenye karatasi ya kawaida, nyembamba. Ile ya studio inayong'aa, hapana. Na usitumie kamwe picha ya asili ya mtu, tumia kopi.

3. Paka kole nyeupe ya maseremala juu ya ubao, nyembamba lakini bila kuacha fasi kavu. Laza karatasi, uso wa picha ukiangalia chini. Sukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni, na kadi ya simu ya zamani ao kipande cha karatasi ngumu. Hewa ikibaki, pale patakuwa tundu kwenye picha.

4. Acha ikauke usiku mzima. Hapa njo wengi tunaharibu, tunakuwa na haraka. Kole mbichi inatoka pamoja na picha.

5. Lowesha karatasi kidogo na eponji, ngoja dakika chache, kisha sugua polepole na vidole. Karatasi itatoka kama vipande vya ugali mkavu. Usimwage maji mingi, sababu kole hii ikilowa sana inalegea. Ikikauka utaona ukungu mweupe: ni karatasi iliyobaki. Rudia mara mbili ao tatu.

6. Maliza na vernisi ya mafuta mara tatu, mbele, nyuma na pembeni. Maji yanaingiaka kwa pembeni.

Sasa kosa langu. Picha ikilazwa uso chini, inageuka: kushoto inakuwa kuume. Ile yangu haikuwa na maandishi, njo maana sikufikiria kuigeuza kwenye kompyuta mbele ya kuichapa. Kushoto kulikuwa mgomba mgonjwa, kuume mgomba mzima. Na mbele ya kubandika, nilikuwa nimeshapaka alama chini ya ubao: msalaba mwekundu kushoto, alama ya kijani kuume. Nilisugua usiku kwa mwanga wa simu, vibao sita, nikiangalia tu kama picha imetoka safi. Kesho yake nikavisimika, nikijisikia mkubwa.

Mama mmoja, mzee wa kikundi, alisimama mbele ya kibao cha kwanza, akanyamaza. Kisha akaniuliza: "Mwana wangu, ule mwenye alama ya kijani njo mgonjwa. Unataka tukate ile mizima?"

Nilisikia haya mpaka kwenye miguu. Yeye ambaye hasomi ndiye alisoma kibao changu, na mimi wa lisansi sikukisoma. Kama angeniheshimu kupita kiasi akanyamaza, kuna mtu angekata migomba ya watoto wake.

Tuling'oa vibao vyote siku hiyo hiyo. Nilifuta alama na msasa, nikazipaka upya fasi yake, nikarudisha vernisi. Tangu pale, nageuza kila picha kwenye kompyuta, hata isiyo na herufi, na napaka alama mwisho, picha ikiisha kuonekana. Na mbele ya kusimika kibao, nakionyesha kwanza wenye shamba, naomba wanieleze wao wanaona nini. Simwambie mtu jibu.

Vibao vilimaliza msimu wa mvua. Nyekundu imepauka kidogo na jua, lakini picha ingali inaonekana.

Ndugu zangu, mwenye kujaribu aanze na ubao mmoja mdogo. Na kama unafanya kwa ajili ya watu, uwaulize mbele ya vernisi, si kisha.